Siku za Bika Nazo Zinahesabiwa

Kitu cha kwanza nilichofundishwa mahakamani hakikuwa sheria. Nilifundishwa kuzungusha tarehe ya muhuri kabla ya kunywa chai. Ninyi mnaokaa dirishani sasa mnabonyeza tu na tarehe inatoka yenyewe, kwa hiyo hamkijui kile kigurudumu kidogo cha mpira, chenye tarakimu zilizolika, ambacho ukikisahau asubuhi moja umewaharibia watu kumi kesi zao.

Mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu ya masjala. Sina elimu ya kuandika kitabu. Nilisoma mpaka darasa la saba, Koboko, upande wa Uganda, tulipokuwa wakimbizi. Kiswahili nilikiokota huko sokoni na kanisani, halafu nikakinyoosha kwa kusoma vitabu vya shule vya watoto wa watu. Kazi ya hapa Juba niliipata kwa sababu ya mwandiko tu. Basi nitaandika kama ninavyokumbuka, na kumbukumbu zangu haziji kwa foleni.

Aliyenifundisha ni Ustaz Pitia, mkuu wa masjala. Mnajua hapa kwetu ustaz ni mwalimu, ni wakili, ni karani, ni mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni. Yeye alikuwa na kalamu tatu. Mtu mfupi, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata katika joto la Machi.

Wiki yangu ya pili nilisahau kuzungusha. Nikapiga mihuri asubuhi nzima kwa tarehe ya jana, hati kumi na moja. Alipogundua hakupiga kelele. Alichukua daftari la kupokelea, akanisomea majina yote kumi na moja, polepole, kama anayeita mahudhurio.

"Unajua hawa wanakaa wapi?"

"Hapana, ustaz."

"Utajua leo."

"Lakini ustaz, tarehe ya jana si inawafaidi? Wameonekana wamewahi."

"Inawafaidi leo kwa bahati mbaya. Kesho mtu atakuja kukuomba kwa makusudi, na mkono wako utakuwa umeshajua njia."

Nikatembea mitaa ya Buluk, Munuki, Kator kuzisahihisha nakala zao, muhuri nimeufunga kwa gazeti, kidau cha wino mfukoni. Kwa lile jua wino ukavuja, suruali ikapata doa la zambarau kwenye paja. Mtu wa kumi na moja nilimkuta soko la Custom kwa kinyozi, povu limemjaa nusu ya uso. Nilipotaja mahakama akadhani nimekuja kumkamata, akatoka mbio na kitambaa cha kinyozi shingoni, na kinyozi nyuma yake, na mimi nyuma ya kinyozi. Suruali ile niliivaa mpaka ikachakaa. Kila Ustaz Pitia alipopita mezani kwangu alilitazama lile doa, halafu akanitazama mimi, halafu akaendelea na safari yake.

Kuhesabu siku nako alinifundisha yeye. Siku ya tukio haihesabiwi; unaanza kesho yake. Siku ya mwisho ni ya mwenye kesi mpaka dirisha linapofungwa saa tisa, na saa tisa na dakika moja si yake tena. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya serikali, inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata. Jumapili iliyo katikati inahesabiwa kama siku nyingine. Andika saa ya kupokea, usiandike tarehe peke yake. Na usihesabu kichwani, hesabu kwa kalamu kwenye karatasi. "Kichwa kina huruma," alisema. "Kinamruka mtu siku moja wewe mwenyewe hujui."

Msidhani alikuwa mtu wa kudharau hesabu za wengine. Alikuja mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto kukata rufaa ya shamba, hajui kusoma, amebeba kibuyu chenye vijiti. Kila alipoamka alitia kijiti kimoja. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani nikamwambia, mzee, umechelewa siku moja. Mzee akasema, "Mimi sikuchelewa. Vijiti haviongopi." Ustaz Pitia akainuka, akavimwaga vile vijiti mezani, akavihesabu mara mbili kwa heshima zote. Halafu akaisogelea kalenda, akavaa miwani. Ilikuwa kalenda ya kanisa, ina picha nzuri ya Yordani, na ilikuwa ya mwaka uliopita, kila siku ya wiki imezidi tarehe moja. Wiki mbili nzima za Januari mahakama ilikuwa ikiendeshwa kwa mwaka wa jana, na aliyetuokoa ni kibuyu. Akampigia mzee muhuri, akamsindikiza mpaka getini. Aliporudi akaniambia, "Ng'oa hiyo picha."

Sasa nije kwenye kesi za uchaguzi, maana ndizo zilizonifanya nikubali kuandika.

Katika kesi nyingine ukichelewa unaweza kumwendea jaji, ukaeleza ulikuwa unaumwa, barabara ilifungwa, akakuongezea siku. Uchaguzi hauna hiyo. Sheria ikisema siku saba, ni siku saba, na mara nyingi hakuna kifungu kinachompa jaji ruhusa ya kuongeza hata saa moja. Nilimuuliza Ustaz Pitia sababu. Akasema aliyetangazwa mshindi anaanza kazi kesho yake, anatia sahihi mambo, anahamisha watu, na ukimwacha mwezi mzima hajui kama ni yeye au si yeye, kila alichofanya kitakuja kubomolewa kwa kesi. Nilielewa. Mpaka leo naona ni sheria nzuri, na nitakayowasimulia hayajabadilisha hilo.

Ilikuwa miaka ya vita, vita vyenyewe vikiwa vimeingia mpaka mjini. Kulikuwa na siku tulizosikia milio tukiwa dirishani, tukalala chini pamoja na mawakili waliovaa tai, halafu tukainuka tukaendelea kupokea hati kwa vumbi lile lile. Watu waliokimbia makwao walijaa kambi ya Mangateen. Wanawake wa kambini walikwenda kuuza Custom: mboga, samaki mkavu, karanga. Walikaa safu moja karibu na lango, chini ya maturubai, na aliyekuwa akiwasemea ni Mama Keji.

Mama Keji aliuza samaki. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita basi likasimama. Alikuwa amekaa Uganda miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Arua, hakijali sarufi ya mtu. Chama cha wachuuzi kilipofanya uchaguzi wa mwenyekiti aligombea, akashindwa kwa kura chache. Lakini asubuhi ya kupiga kura wanawake wengi wa kambini walikuta majina yao yamefutwa kwenye orodha. Na mwenyekiti aliyetangazwa alikuwa ameshasema wazi kwamba ile safu ya langoni ataiondoa, aweke watu wenye vibanda. Kwa hiyo Mama Keji aliposema anakwenda mahakamani, ilikuwa ni suala la nani atabaki langoni na nani atatupwa nyuma, kwenye matope ya malori. Katiba ya chama ilisema anayepinga matokeo apeleke pingamizi mahakamani ndani ya siku saba tangu yalipotangazwa. Yalitangazwa Alhamisi.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, Ustaz Pitia akafariki.

Alikuwa na kisukari. Dawa yake ilikuwa ikija kwa basi kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, na barabara ile wiki hizo ilikuwa haipitiki kwa sababu ya kushambuliwa. Ijumaa alikuwa bado kazini, anashika ukuta. Nilimwambia aende nyumbani. Akasema, "Nikienda nyumbani nitaumwa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mimi. Natamani yangekuwa mengine, hata yangekuwa ya kunigombeza.

Tulimzika siku hiyo hiyo. Bika, yaani yale makao ya msiba, ikawekwa nyumbani kwake Buluk. Kwetu mwanaume analiliwa siku tatu, mwanamke siku nne. Siku hizo hakuna anayelima, hakuna anayegombana. Watu ambao hawajasalimiana miaka wanakaa mkeka mmoja wanakunywa chai ya birika moja. Ukipeleka neno la ugomvi kwenye bika utasemwa mpaka kwa wajukuu. Masjala yetu yote tulikuwa pale. Mawakili walikuwa pale. Jaji mwenyewe alikuja, akavua viatu, akakaa chini na wanawake.

Jumanne mchana nilikuwa nimekaa karibu na lango la ua. Nikamwona Mama Keji amesimama nje na mfuko wa nailoni ameukumbatia kifuani.

"Karibu ndani, mama."

"Ustaz Wani, malesh, samahani sana. Nilienda dirishani kwenu, nikakuta kufuli. Wakasema mko huku." Akaangalia watu. "Mimi iko na karatasi za ile kesi. Lakini sasa naona watu wanalia. Nitatoaje karatasi hapa?"

"Usitoe. Weka hivyo hivyo."

"Siku zangu je? Mimi nahesabu hii ya tano."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mwone jinsi nilivyokosea, maana sikukosea kwa uvivu. Nilimwambia, bila hata kufikiri, "Mama, siku za bika hazihesabiwi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, zote tatu zitoe. Una mpaka Jumatatu ijayo. Nenda kapumzike."

"Kweli?"

"Mimi ndiye ninayepokea. Kweli."

Hakuna aliyewahi kunifundisha hivyo. Halikuwa limeandikwa popote. Nilijua sikukuu za serikali, na moyoni mwangu bika ilikuwa kubwa kuliko Krismasi, kwa hiyo nikaiweka humo. Sikushika kalamu, nilihesabu kichwani. Na mtu ambaye ningemuuliza ndiye tuliyekuwa tukimlilia.

Mama Keji akavua ndala, akaingia, akalia na wanawake. Akakaa mpaka jioni.

Alhamisi nilirudi kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya saba. Nilizungusha tarehe, nikaketi, nikautazama mlango siku nzima, nadhani hata watu watatu hawakuja. Niliosha kikombe cha Ustaz Pitia nikakirudisha mezani kwake. Mama Keji wakati huo alikuwa Mangateen, anakwenda hema kwa hema kutafuta alama ya dole gumba ya shahidi mmoja zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nimempa nafasi. Karatasi zote nyingine alikuwa nazo tangu Jumanne. Angekuja nazo Alhamisi ningezipokea, na kesi ingesikilizwa.

Alikuja Ijumaa saa nne asubuhi, anatabasamu, na yule shahidi nyuma yake. Nikapiga muhuri. Nikaandika saa, nikatia na herufi zangu kando. Mwandiko mzuri kabisa.

Jumatatu akaja wakili wa upande wa pili kulisoma jalada. Kijana, karudi karibuni kutoka Kampala, suti inambana. Akafungua ukurasa wa kwanza, akautazama muhuri, akafunga. Hakusoma pingamizi lenyewe.

"Umemaliza tayari?" nikamuuliza.

"Nimemaliza, ustaz. Na kesi nayo imekwisha."

Nilichukua karatasi na kalamu nikahesabu. Nikahesabu tena. Kisha nikakaa nikakitazama kile kigurudumu cha muhuri. Sitawadanganya, nilikitazama kwa muda mrefu. Halafu nikakifunika, nikachukua karatasi nyingine nikaanza kuandika hati ya kiapo. Niliiandika mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza maneno yalikuwa yakinitetea. Ya tatu ilisema hivi: kwamba mimi, karani wa dirisha, nilimwambia mleta pingamizi kuwa siku za msiba hazihesabiwi, kwamba si kweli, kwamba aliniamini kwa sababu ya kazi yangu, na kwamba bila mimi asingechelewa.

Wenzangu walisema nimechanganyikiwa kwa msiba. Mmoja akaniuliza, "Unajiandikia mwenyewe barua ya kufukuzwa?" Nikamwambia ndiyo, na kama anajua neno bora la kuanzia anisaidie. Hatukucheka sana.

Chumba cha jaji kilijaa siku ile. Wanawake wa Custom walikuja na vikapu vyao, harufu ya samaki ikajaa mpaka kwa mpiga chapa. Jaji wetu alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi. Akasoma hati yangu, akaniita mbele.

"Nani alikuambia siku za msiba hazihesabiwi?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Nilidhani."

"Uko dirishani miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na marehemu Pitia angekuwepo angesemaje?"

"Angenipiga kwa rula, Mheshimiwa."

Watu wakacheka, na yeye akainama kidogo, nadhani alikuwa akificha uso. Naye alikuwa akimkumbuka.

Yule wakili kijana akasimama. Sikuwahi kumchukia, nasema ukweli. Alisema kwa upole kwamba yeye pia alikuwa Buluk kwenye mkeka, na anajua hasara iliyowapata wote. Lakini mahakama haikufungwa kwa amri yoyote. Dirisha la kesi za jinai, upande wa pili wa jengo, lilikuwa wazi siku zote tatu, na karani wa pale anaruhusiwa kupokea hati yoyote. Ilikuwa kweli. Mimi nilijua, nikasahau kumwambia Mama Keji, kwa sababu siku ile nilidhani dunia nzima imesimama.

Jaji akaandika dakika chache, akasoma. Sikumbuki yote. Nakumbuka alisema muda ule mahakama haikuuweka, kwa hiyo haiwezi kuurefusha. Alisema kosa la karani limethibitishwa, na karani amekiri kuliko alivyowahi kuona mtu akikiri, lakini kukiri hakuwezi kuirudisha Alhamisi. Pingamizi likatupwa. Yale majina yaliyofutwa kwenye orodha hayakusomwa mbele ya mtu yeyote, mpaka leo.

Nje nilimfuata Mama Keji nimwombe radhi. Hakuniacha nimalize.

"Kalas, ustaz," akasema, maana yake yamekwisha. Hakunitazama. Akajitwika kikapu akaondoka na wenzake.

Kabla ya mwezi kwisha safu ya langoni ilikuwa imeondolewa. Wanawake wakapelekwa nyuma, malori yanakoshusha mizigo. Mvua ikinyesha walisimama matopeni mpaka vifundoni, na mnunuzi haendi huko labda awe amepotea njia. Baadhi walirudi Uganda. Mama Keji alibaki. Najua kwa sababu niliuliza, si kwa sababu nilimwona. Nilikuwa nikipita lango jingine, na samaki nikanunua kwingine.

Mimi sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, nikaipeleka nyumbani, mke wangu Rebeka akaisoma akairudisha kwenye bahasha. Akaniuliza kama nimekula.

Kuna mambo ya kazi yalibadilika baada ya hapo. Walituletea kompyuta ya kwanza. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kila asubuhi ilituambia tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado Koboko navaa kaptula. Tukaendelea na kigurudumu. Mchwa walikula rafu nzima ya majalada. Tangu siku hiyo niliitia miguu ya rafu kwenye makopo ya oili chafu, na hilo nawashauri hata sasa, kompyuta au bila kompyuta. Karani wa dirisha la jinai alikimbilia Uganda na watoto, hakuletwa mwingine. Nikabaki na dirisha moja, mimi peke yangu.

Na kila kitu kilipobadilika nilitaka kumwambia Ustaz Pitia. Hii ndiyo sehemu ambayo sijui niwaandikieje. Mtu unafanya naye kazi miaka kumi na moja, hamjawahi kutembeleana zaidi ya mara mbili, hamjawahi kuzungumza kitu kisichohusu karatasi. Halafu anaondoka, na unagundua kuwa kila ukimaliza kuandika mstari unainua uso kuangalia kama ameona. Nimestaafu sasa, naandika haya nyumbani, na bado nainua uso.

Miaka miwili baada ya kesi ile, vita vikiwa havijakwisha, Rebeka aliugua siku tano akafariki. Sitaandika habari zake hapa. Tulimwekea bika nyumbani kwetu Munuki, siku nne.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na shemeji zangu. Kulikuwa na uchaguzi wa chama kingine, wa waendesha bodaboda, nilikuwa nimebandika mwenyewe tangazo la matokeo, na siku ile ilikuwa ya mwisho ya kuleta pingamizi. Hakuna mtu aliyesema ataleta. Sikuwa na sababu yoyote ya kudhani ataleta. Lakini nilijua kuna kufuli mlangoni, na hakuna dirisha la pili.

Niliinuka nikavaa shati.

"Unakwenda wapi?" akauliza shemeji yangu mkubwa.

"Kazini. Nitarudi saa tisa."

"Wani, dada yetu ana siku moja kaburini, wewe unakwenda kupiga mihuri?"

Nilifunga vifungo vya shati mpaka cha juu, nikatoka. Nilisikia mtu akisema nyuma yangu kwamba mahakama imemla akili. Vijana, siwaambii mfanye hivyo. Nawaambia nilivyofanya.

Nilifungua dirisha saa mbili. Nikazungusha tarehe. Nikakaa. Saa tatu, saa nne, saa tano. Ua ulikuwa mtupu, kunguru wanatembea. Kila nikifumba macho nilimwona Rebeka, nikafumbua. Saa sita nikasikia ndala.

Alikuwa Mama Keji. Amekonda, amefunga kitambaa cheusi kichwani.

Nikavuta daftari karibu. "Umeleta hati, mama?"

"Hati gani? Nilienda kwako kwa bika, wakaniambia uko huku." Akalitazama dirisha, akaitazama kalamu mkononi mwangu. Kisha akakaa kwenye benchi la wenye kesi, akavua ndala, akanyoosha miguu kama watu wanavyokaa mkekani, akamlilia mke wangu. Alilia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusumbua ofisi.

Alipomaliza akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Nikapata nguvu ya kusema lile nililoshindwa kulimaliza siku ile nje ya mahakama. Nilimwambia nilimdanganya bila kujua, na kwamba kwa sababu yangu wenzake wako matopeni.

"Hapana, ngoja nikwambie," akasema. "Mimi najua kusoma. Ile karatasi ya chama niliisoma kwa macho yangu. Ilisema siku saba, bika haikutajwa. Nilijua."

"Basi kwa nini uliniamini?"

Akageukia ua. Kunguru mmoja akaruka juu ya ukuta.

"Mtoto wangu Taban alikufa kwa barabara ya Yei, tunakimbia. Tulimfunika matawi tukaenda. Siku moja ya bika hakupata. Hata saa moja. Tangu hapo mimi sijalia kwa mkeka. Sasa wewe, mtu wa serikali, na kalamu, unaniambia siku za kulia hazihesabiwi." Akatikisa kichwa. "Nilitaka iwe kweli, ustaz. Niliingia pale kwa Pitia nikamlilia Taban mpaka jioni. Wale wanawake wangu niliwasahau siku ile. Si wewe peke yako."

Nilimmiminia chai kutoka chupa yangu, akanywa. Alikaa pale kwenye benchi, mimi nikakaa ndani, dirisha katikati yetu, saa saba, saa nane. Hakuna mtu aliyekuja kuleta pingamizi lolote.

Saa tisa nilifungua daftari nikaandika tarehe, na chini yake: hakuna hati iliyopokelewa. Nikatia sahihi. Nikafunga dirisha, nikatia kufuli. Mama Keji akavaa ndala zake, tukaenda Munuki pamoja kumalizia siku mbili zilizobaki.